Geji ya mafuta ya pikapu ya zamani inapodanganya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu pikapu za zamani ambazo mfumo wake wa mafuta ni mshale, waya mmoja na boya ndani ya tangi. Kama yako inapitisha ishara ya boya hilo kwenye kompyuta kwanza, soma swali la 21 kabla ya kugusa chochote.

## Mambo ya msingi

1. Geji ya mafuta inafanyaje kazi?

Ndani ya tangi kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti, lililofungwa kwenye mkono wa chuma chembamba. Mafuta yakipanda boya hupanda nayo, yakipungua hushuka. Upande wa pili wa mkono huo kuna ulimi mdogo unaoteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa kwenye kibao. Ulimi ukisogea, ukinzani wa umeme hubadilika. Kifaa hicho kizima ndicho tunachokiita sensa ya tangi.

Umeme hutoka kwenye swichi, hupita kwenye fyuzi, huingia kwenye geji, huteremka kwa waya mmoja hadi tangini, hupita kwenye sensa, kisha hurudi kwenye betri kupitia ethi, yaani chasisi. Mshale haujui lolote kuhusu mafuta. Unapima umeme unaopita, basi. Kwa hiyo kiungo kilicholegea au chenye kutu popote njiani huonekana kwenye dashibodi kama mafuta yaliyoongezeka au kupungua.

2. Ubovu huwa wapi zaidi?

Kwenye ethi na plagi za nyaya karibu na tangi. Huko ndiko kuna matope, maji na mtikisiko. Sensa yenyewe inafuata. Geji ya dashibodi ni ya mwisho kabisa kushukiwa, ingawa ndiyo ya kwanza kulaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana. Kubadilisha sensa kabla ya kupima ni kubahatisha, na ukikosea utakuwa umeshusha tangi bure.

3. Waya ukikatika, mshale unapaswa kwenda juu au chini?

Inategemea gari, na kutojua jambo hili ndiko kunakowapoteza watu wengi. Kuna mifumo ya aina mbili:

Aina ya kwanza ina ukinzani mkubwa tangi likiwa tupu na mdogo likijaa. Ford na Chrysler za Marekani za miaka mingi zilikuwa karibu omu (Ω, kipimo cha ukinzani) 73 tangi likiwa tupu na karibu 10 likijaa. Pikapu nyingi za Kijapani za zamani ziko upande huu pia. Toyota nyingi huzidi omu 100 tangi likiwa tupu na kubaki na omu chache tu likijaa. Hapa waya ukikatika mshale hulala kwenye E (alama ya tangi tupu), na waya ukigusa bodi, yaani chuma cha gari, mshale hupanda hadi F (alama ya tangi lililojaa).

Aina ya pili ni kinyume chake. Chevrolet na GMC kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zilitumia omu 0 kwa tangi tupu na 90 kwa lililojaa. Waya ukikatika mshale huruka na kupita F. Ukigusa bodi hushuka hadi E.

Usiende kwa jina la kampuni peke yake. Kuanzia modeli za 1987 Ford walihamia aina ya pili, karibu omu 16 tangi likiwa tupu na 158 likijaa. Kwa hiyo pikapu mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na mifumo inayopingana.

4. Mshale wangu unapanda polepole sana nikiwasha swichi. Ni mbovu?

Pengine ni mzima. Geji nyingi za zamani zina bamba la metali mbili linalopinda likipata joto la umeme. Joto huchukua muda, hivyo mshale hupanda taratibu, na ukizima swichi hurudi chini kwa mwendo huohuo. Uzito huo uliwekwa makusudi ili mshale usiyumbe kila mafuta yanapocheza tangini. Ukipima geji ya namna hii, ipe nafasi kabla ya kuihukumu.

## Kabla ya kushika spana

5. Nahitaji vifaa gani?

Mita ya umeme inayopima volti na omu, kipande cha waya chenye vibanio pande zote mbili, balbu ndogo ya volti 12 yenye wati 3 hadi 5 iliyoungwa nyaya mbili, msasa laini na brashi ya waya. Ukipata mchoro wa nyaya wa modeli yako, kazi inapungua nusu.

6. Kuna hatari gani?

Kwa petroli, kubwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Kwa sababu hiyo usifanye kazi ya tangi ukiwa ndani ya shimo la gereji. Fanya nje, penye upepo.

Vipimo vya volti vinahitaji betri iwe imeungwa, lakini hivyo hufanyika tangi likiwa limefungwa. Siku ya kufungua sensa, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Usitumie taa ya balbu ya kioo kumulika. Ikianguka na kupasuka, waya wake wa moto unatosha kuwasha. Kizima moto kiwe karibu.

Tangi tupu lililowahi kuwa na petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani kuna mvuke na hewa vimechanganyika. Usilichomelee kamwe.

## Kupima hatua kwa hatua

7. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kiti cha dereva. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha angalia geji zote. Kama zote zimekufa, tafuta fyuzi au ethi ya dashibodi, na achana na tangi. Kama ni ya mafuta tu, chutama chini ya gari na utafute plagi ya waya wa sensa. Hapo ndipo katikati ya mfumo, na kipimo kimoja pale kinakuambia ubovu uko mbele au nyuma. Nenda swali la 9.

8. Geji ya mafuta na ya joto la injini zote zinasoma vibaya kwa pamoja. Kwa nini?

Magari mengi yenye geji za metali mbili yana kidhibiti cha volti nyuma ya dashibodi kinachozilisha geji hizo mbili au zaidi. Kile cha zamani hukata na kuunganisha umeme mfululizo, kwa wastani wa volti 5 kwenye Ford za Marekani na volti 10 kwenye magari mengi ya Uingereza. Ukiweka taa ya kupimia kwenye mstari wake utaiona ikipepesa, na hiyo ni dalili kwamba kinafanya kazi.

Kikifa, geji zote mbili hulala chini. Kikikwama kwenye kuunganisha, au kikipoteza ethi yake ambayo huwa ni ganda lake lenyewe, hupitisha volti zote za betri na geji zote mbili husoma juu kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kukibadilisha, safisha pale kilipofungwa skrubu.

9. Jaribio la waya wa tangi linafanywaje?

Chomoa waya wa sensa karibu na tangi, sukuma kando ili ncha yake isiguse chochote, washa swichi na umwombe mtu aangalie mshale. Kwenye aina ya kwanza (swali la 3) mshale ulale E. Kwenye aina ya pili upande na kupita F.

Sasa fanya kinyume: unganisha ncha hiyo ya waya na chuma safi cha chasisi. Aina ya kwanza mshale upande kuelekea F, aina ya pili ushuke hadi E. Kwenye geji za metali mbili, pitisha umeme kwenye ile balbu ndogo badala ya kuunganisha moja kwa moja. Ukiigusisha moja kwa moja kwa muda mrefu unaweza kuiunguza geji iliyokuwa nzima. Kama huna balbu, gusisha kidogo tu, na achia mara mshale unapoanza kupanda.

Fanya jaribio hili mbali kidogo na mdomo wa tangi, kwa sababu waya ukigusa chuma unaweza kutoa cheche.

10. Matokeo yanasema nini?

Mshale ukitii pande zote mbili, basi fyuzi, geji na waya mrefu ni vizima. Ubovu uko kwenye plagi, ethi ya tangi au sensa.

Usipotii, pima volti kwenye ncha ya waya uliouchomoa, swichi ikiwa imewashwa. Pasipo na volti yoyote, umeme haufiki. Rudia jaribio lilelile nyuma ya dashibodi, kwenye mguu wa geji unaopeleka waya tangini. Mshale ukitii pale, waya umekatika njiani. Ufuate kando ya chasisi, hasa unapopita kwenye kona za chuma na mahali ambapo mtu aliwahi kufunga taa za trela. Usipotii hata pale, chunguza umeme unaoingia kwenye geji na nati za miguu yake, ambazo hulegea na kushika ukungu wa kijani. Kaza na safisha kwanza. Hapo ndipo unaweza kuituhumu geji yenyewe.

11. Mbona kila fundi anaanza na ethi?

Kwa sababu ndiyo inayooza bila kuonekana. Tangi la pikapu hukaa juu ya vipande vya mpira na kushikwa na mikanda yenye rangi na kutu. Chuma kinachogusana na chuma kwa uhakika ni kidogo sana, na kwenye tangi la plastiki hakipo kabisa, hivyo sensa hutegemea waya mweusi mdogo uliofungwa kwenye chasisi kwa skrubu moja. Ukiifungua skrubu hiyo mara nyingi utakuta chini ya washa duara la kutu ya kahawia iliyokauka, na ncha ya waya imekuwa nyeusi na kukatikatika nyuzi.

Ethi mbovu huongeza omu. Kwenye aina ya kwanza, omu zikiongezeka geji husoma pungufu: unaona robo ilhali una nusu. Hilo ni usumbufu tu. Kwenye aina ya pili husoma zaidi ya kilichopo, na hiyo ndiyo inayokuacha barabarani huku mshale ukionyesha robo.

Ipime ethi hivi: plagi ikiwa mahali pake na swichi imewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye kifuniko cha chuma cha sensa (au ncha ya waya wake wa ethi) na nyingine kwenye hasi ya betri. Volti iwe karibu sifuri, ikizidi 0.1, ethi haifai. Njia ya haraka zaidi ni kuunga waya wa muda kutoka kwenye sensa hadi chuma safi cha chasisi na kuangalia kama mshale unabadilika. Ukibadilika, fanya waya huo uwe wa kudumu: kwangua rangi, funga kwa bolti na washa yenye meno, paka grisi juu. Mimi huongeza ethi hii hata kama vipimo ni vizuri, nikishakuwa chini ya tangi.

12. Naweza kupima sensa bila kuitoa?

Ndiyo. Chomoa plagi, weka mita kwenye omu, pima kati ya mguu wa sensa na ethi yake. Namba moja pekee haitoshi. Pima mafuta yakiwa kidogo, kisha pima tena baada ya kujaza. Linganisha na viwango vya gari lako. Namba isiyobadilika ni boya au mkono uliokwama. Mita isiyoonyesha mwendelezo wowote ni waya wa ndani uliokatika. Kama namba zinabadilika lakini zote zimezidi kwa kiasi kilekile, rudi swali la 11.

## Dalili na maana yake

13. Mshale unarukaruka njiani.

Kwenye barabara mbovu tu, ni mlegeo wa plagi au ethi. Ukiruka hata gari likiwa limesimama, waya wa kwenye kibao cha sensa umechakaa.

14. Geji iko sawa ikijaa na ikikaribia kuisha, lakini karibu na nusu inakufa.

Ulimi wa sensa umekula sehemu moja ya waya. Dereva ambaye kila siku hutembelea kati ya robo na nusu humaliza sehemu hiyo huku kwingine kukiwa kupya. Kusafisha hakutasaidia.

15. Mshale umeganda kwenye E, au kwenye F, daima.

Fanya jaribio la swali la 9. Mshale ukitii na ulikuwa umeganda E, shuku boya lililozama (swali la 19). Ukiganda F, mkono umekwama juu, au waya umekatika au umegusa bodi kulingana na aina ya mfumo. Mkono hukwama hasa baada ya tangi kugongwa na kubonyea, jambo la kawaida kwa pikapu inayopita kwenye mawe. Lala chini uliangalie tumbo la tangi.

16. Nikiwasha taa kubwa mshale unasogea.

Ethi ya dashibodi, au ya nyuma inayoshirikiana na taa za nyuma. Umeme wa taa unatafuta njia ya kurudi kupitia geji.

17. Taa ya onyo la mafuta inawaka vizuri lakini mshale hausogei. Inawezekanaje?

Kwenye pikapu nyingi taa hiyo ina kihisio chake, kidude kidogo kinachopata joto kikikosa kuzungukwa na mafuta, na huwa na waya wake. Hivyo kimoja hufa na kingine hubaki. Ni jambo jema: taa hiyo iamini wakati unatengeneza mshale.

## Kutoa na kutengeneza

18. Lazima nishushe tangi?

Si lazima. Pikapu kadhaa za Marekani za hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 zina tangi nyuma ya kiti, na sensa inafikiwa ukiondoa kiti. Kwa tangi lililo chini ya bodi la mizigo, watu wawili hadi wanne wanaweza kufungua bolti za bodi, kuchomoa nyaya za taa na bomba la kujazia mafuta, kisha kuinua bodi au kulisogeza nyuma. Kama bolti hazijashikwa na kutu, napendelea njia hii kuliko kulala chini ya tangi lenye mafuta.

Ukichagua kushusha, toa mafuta kwanza. Safisha mchanga wote uliozunguka sensa kabla ya kuifungua, la sivyo utaangukia ndani na kumaliza pampu. Pete ya kufungia igongwe kwa kipande cha mti au shaba nyeupe, maana chuma kwa chuma hutoa cheche. Sili ya mpira ibadilishwe kila unapofungua.

19. Boya limetoboka. Linarekebishika?

La shaba nyeupe, ndiyo. Litikise sikioni, ukisikia mafuta yanachezacheza, lina tundu. Lakini kulehemu boya lenye petroli ndani ni hatari, na kulimaliza mafuta yote kupitia tundu la sindano ni kazi. Maboya mapya hupatikana, na hubanwa tu kwenye mkono, kwa hiyo sioni sababu ya kuchukua hatari hiyo. La plastiki au sponji likishanywa mafuta, badilisha.

Sensa yenyewe ikiwa chafu tu, isafishe kwa kisafishaji cha viungo vya umeme na kitambaa. Msasa hula waya ule mwembamba, usiutumie.

20. Nimeweka sensa mpya na geji inasoma nusu tangi likiwa limejaa, au inakwenda kinyume.

Ikienda kinyume, umewekewa sensa ya aina nyingine (swali la 3). Hakuna kizuizi (kipande cha kuongeza ukinzani) utakachoongeza kwenye waya kikaligeuza hilo, rudisha sensa. Ikisoma nusu, ama kiwango cha omu hakilingani na geji yako, ama mkono una urefu au mkunjo usiofaa kina cha tangi lako.

Ndiyo maana sensa mpya hupimwa kabla ya kufungwa. Iunge na plagi na ethi ikiwa nje, mbali na tangi lililo wazi, sogeza mkono kwa kidole toka chini hadi juu, na utazame mshale. Ukifika E na F vizuri hapo lakini si ndani ya tangi, kunja mkono kidogo kidogo. Ukishindwa kupata ncha zote mbili, hakikisha E ndiyo sahihi, F iache idanganye.

## Hali za pembeni

21. Gari langu lina kompyuta. Majaribio haya yanafaa?

Kupima omu za sensa (swali la 12) na ethi (swali la 11), ndiyo. Kugusisha waya kwenye bodi, hapana, mpaka uwe na mchoro wa nyaya wa gari hilo.

22. Nina matangi mawili na swichi ya kuchagua.

Hii ni bahati, kwa sababu una kitu cha kulinganisha. Tangi moja likisoma vizuri na jingine vibaya, geji na fyuzi ni vizima. Tafuta upande wa tangi bovu. Yote mawili yakisoma vibaya, swichi ya kuchagua ndiyo ya kwanza kushukiwa, kwani miguu yake huungua. Angalia pia kama mafuta yanavutwa kutoka tangi moja huku geji ikisoma jingine: swichi hubadilisha usomaji lakini vali ya mafuta imekwama.

23. Pikapu yangu ni ya dizeli. Kuna tofauti?

Mfumo wa geji ni uleule. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli, ingawa tahadhari za swali la 6 zibaki. Tofauti kubwa ni gharama ya kuishiwa: injini nyingi za dizeli za zamani zikivuta hewa haziwaki mpaka uitoe hewa kwenye mabomba kwa mkono. Mwenye dizeli asiahirishe kazi hii.

24. Nitaendeshaje kabla sijatengeneza?

Jaza tangi hadi juu, weka namba ya safari ya dashibodi kwenye sifuri, na ujaze tena mapema. Gawanya kilomita kwa lita ulizoweka, na utajua lita moja inakupeleka wapi. Ukibeba mzigo mzito, punguza makadirio hayo. Kama bomba la kujazia limenyooka, fimbo safi ya mti hufaa kupimia, lakini mabomba mengi yana kona au wavu ndani, na fimbo iliyokatikia humo itakulazimisha kushusha tangi ulilokuwa unalikwepa.